Mashine ya marehemu baba inakunywa mafuta, na nahodha ni shemeji yangu

BARUA

Shikamoo Mama.

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, naishi Dodoma mjini na mke wangu na watoto wetu watatu. Nina duka la vifaa vya ujenzi. Jina langu usilitaje, na kijiji nimekiacha makusudi, maana kule wote tunajuana.

Marehemu baba alikuwa mvuvi wa Bwawa la Mtera. Mwaka 2006 alinunua mashine ya boti ya HP 15, ya mtumba, kwa mtu wa Bagamoyo. Ni zile za zamani za kuchanganya oili kwenye petroli. Mashine ile imenisomesha mimi na dada zangu wawili, na ndiyo iliyojenga nyumba anayokaa mama hadi leo. Baba alifariki miaka miwili iliyopita kwa maradhi, boti na mashine vikabaki kwangu kwa makubaliano ya ukoo. Mimi si mtu wa maji. Tangu tumzike sijapanda boti ile hata mara moja. Nilichochukua kwake ni kopo la maziwa ya unga alilokuwa akipimia oili, ndani lina mkwaruzo wa msumari aliouweka kwa mkono wake. Nimeliweka kabatini chumbani, ndiyo kumbukumbu yangu.

Boti nimempa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana wa miaka 27. Mke wangu ndiye aliyenishauri nimchukue. Anatoka mwaloni saa nane usiku, anapita kwenye kambi mbili za ng'ambo kukusanya perege na kambale, anarudi kabla gari la samaki halijaondoka saa moja asubuhi. Safari nne kwa wiki. Namlipa shilingi 20,000 kila safari, samaki wawe wengi wawe wachache. Hela ya petroli namtumia kwa simu, ananunua hapohapo mwaloni kwa wauza madumu, lita shilingi 3,500.

Sasa Mama, mwezi wa tatu mwaka huu dumu moja la lita 20 lilikuwa linatosha kwenda na kurudi. Hata enzi za baba lilikuwa dumu moja. Kuanzia Julai ikawa lita 24, Agosti 26, na sasa Oktoba anadai 29. Njia ni ileile, kambi ni zilezile. Mwezi huohuo wa nane akaezeka nyumba yake, bati 30. Kuna jirani mmoja wa pale mwaloni akaninong'oneza kwamba amemwona mara mbili jioni akienda nyumbani na kidumu cha lita tano, na kwamba vijana wa bodaboda wanajua pa kupata wese la bei nafuu.

Nilipomuuliza alinijibu, "Shemeji, mashine imechoka." Basi, hakuongeza neno. Lakini mimi kila kinachoharibika natengeneza. Mwezi wa tano aligonga kisiki, pangaboi, ile feni ya majini inayosukuma boti, likakatika jani moja, nikamtumia jingine la mtumba kutoka mjini. Mwezi wa sita nikaiongezea boti mbao pembeni na kasha la barafu ili ibebe zaidi. Kila siku ya safari nampigia saa kumi na moja alfajiri kumhimiza asilikose gari, na hajawahi kuniambia kwamba mashine haina nguvu.

Mke wangu anasema tukope kwenye kikoba chao, ambako yeye ni mweka hazina, tununue mashine mpya ya kisasa isiyochanganya oili. Nimeulizia bei, ni milioni nane na laki mbili. Nikamuuliza haraka ya nini, akakasirika. Nimeanza kuhisi anajua jambo na anamfunika mdogo wake. Juzi nikamwambia, "Damu ni nzito kuliko maji," akahamia kulala kwa watoto mpaka leo.

Nimepanga kuanzia wiki ijayo nimtumie hela ya lita 20 tu. Akienda na kurudi, nitajua alikuwa ananiibia. Akigoma, namwachisha kazi. Lakini nikimfukuza nitamtazamaje mama mkwe? Na nani mwingine anaijua ile njia ya usiku katikati ya miti mikavu? Nisaidie Mama.

Mtoto wa mvuvi, Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa baba. Miaka miwili si mingi.

Nianzie mwisho wa barua yako, maana hapo ndipo niliposhtuka. Ule mpango wa lita 20 naomba uuweke chini kwanza. Chukulia kwamba kijana amesema kweli: mashine inataka lita 29, na wewe umempa 20. Itamzimikia wakati wa kurudi, giza bado halijaondoka, boti imejaa samaki na barafu, katikati ya ile miti iliyokauka ikiwa imesimama tangu bonde lilipozamishwa. Mtera kuna viboko, na mamba wapo. Kasia haliisukumi boti ya mbao yenye mzigo kama ule ikiwa upepo umeikabili. Na akirudi salama utakuwa umejua nini? Labda alikopa dumu kwa mwenzake akaona aibu kukuambia. Labda alikwenda taratibu usiku huo. Mtego wako utakuacha na shaka ileile, ila safari hii utakuwa umeweka roho ya mtu rehani.

Sasa tuzungumze.

Unaniuliza kama shemeji yako anakuibia. Ndani ya swali hilo naona mengine mawili umeyafunga pamoja nalo: kama mke wako anakuficha, na kama mashine ya baba imefika mwisho. Hilo la mwisho umelitaja kwa mdomo wa shemeji tu, kisha ukalipita haraka. Nisamehe nikikosea, lakini nilivyoisoma barua yako nimeona kwamba kumshuku mtu kumekuwa rahisi kwako kuliko kukubali kwamba kitu alichokushikisha baba kinazeeka. Hilo si kosa. Nimeliona kwa watu wengi waliorithi.

Mimi mashine za boti sizijui. Nilimtafuta fundi aliyezifungua na kuzifunga kwa miaka mingi, nikamsomea barua yako bila kutaja chochote cha kukutambulisha. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba HP 15 ya kuchanganya, hata ikiwa nzima kabisa, ukiifungua mpaka mwisho inakula lita sita hadi saba kwa saa. Kwa hiyo lile dumu la baba lilikuwa la safari ya saa tatu hivi. Halafu akaniuliza swali ambalo barua yako haina jibu lake: sasa hivi inanguruma saa ngapi? Wewe umepima lita na umepima njia, saa hukupima. Ikiwa boti imekuwa nzito na inachukua saa nne na dakika ishirini badala ya tatu, kwa lita sita na nusu kila saa ni lita 28. Hapo hakuna mwizi, kuna boti inayokwenda polepole huku mashine ikilia.

Akanieleza na ulafi wenyewe unakotoka. Kwenye mashine za aina hiyo, mchanganyiko mbichi unaingia wakati tundu la kutolea moshi bado liko wazi, kwa hiyo sehemu yake inapita moja kwa moja na kutoka bila kuungua. Hata kwa mashine yenye afya hasara hiyo huweza kufika robo ya mafuta. Ringi za pistoni zikilika, kabureta ikishika uchafu, plagi ikivaa masizi, hasara inaongezeka. Siku ukifika mwaloni asubuhi boti inapoingia, tazama maji nyuma yake. Utaona utando mwembamba una rangi kama za upinde wa mvua, unatanuka mpaka kwenye majani ya ufukweni. Ile ni petroli uliyoilipia shilingi 3,500 lita.

Kisha nikarudi kwenye tarehe zako. Unaulinganisha mwezi wa tatu na Oktoba. Mwanangu, hayo si maji yaleyale. Uso wa maji ya Mtera unapanda na kushuka kati ya mita 698.5 na 690 juu ya usawa wa bahari, tofauti ya mita nane na nusu, kwa sababu maji yake yanazungusha mitambo ya umeme hapo Mtera na chini kule Kidatu. Mvua za kwetu zinaingia Desemba zinakatika Aprili. Kuanzia Juni bwawa linapungua, na kwa kuwa ardhi ile ni tambarare, ufukwe unarudi nyuma mbali sana. Visiki vilivyokuwa chini sana mwezi wa tatu sasa vinachungulia. Nahodha hapiti tena alipopita, anazunguka tope na anazunguka miti. Na kambi za wavuvi hufuata maji, kwa hiyo "kambi zilezile" inaweza kuwa jina lilelile mahali pengine. Juu ya hayo kuna upepo wa kiangazi. Unasema enzi za baba lilikuwa dumu moja, nami nakuamini, lakini je, lilikuwa dumu moja hata Oktoba? Mama yako huenda anakumbuka. Wake wa wavuvi wanakumbuka hela ya mafuta kuliko wanavyokumbuka siku za kuzaliwa.

Halafu kuna kile kisiki cha mwezi wa tano. Ulinunua pangaboi la mtumba, ukashukuru limeingia. Lakini pangaboi halichaguliwi kwa kuingia tu. Lina namba mbili zimegongwa juu yake, moja ya upana wa duara lake, nyingine ya umbali linaotaka kusogea kwa mzunguko mmoja. Umbali huo ukiwa mkubwa kuliko mashine inavyoweza, inakuwa kama baiskeli iliyowekwa gia ngumu mlimani: inasukuma, inahema, haifiki kasi yake. Ukiwa mdogo mno, mashine inapiga kelele na boti haisogei. Kama lile lililovunjika bado lipo, linganisheni namba. Ni kazi ya dakika mbili. Na mwezi uliofuata ukaongeza mbao na kasha la barafu. Mbao zinanyonya maji, barafu ni maji. Mashine ya HP 15 ileile sasa inasukuma boti nyingine kabisa, kuanzia Juni, na wewe umeanza kuona ongezeko Julai. Nimeandika tarehe zako kwenye karatasi, zimekaa hivyo mbele yangu, na naomba nawe uziandike.

Kuna mtu mwingine hujamtaja kabisa, yule anayeuza madumu. Dumu si kipimo. Likijazwa mpaka shingoni linachukua zaidi ya lita 20, likiachwa chini ya mabega linachukua pungufu, na anayemimina usiku kwa tochi anajua tofauti hiyo. Uchakachuaji nao unaujua: mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kuyatambua, kwenye mafuta kwa sababu watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa. Petroli ya kwenye dumu imeshatoka kwenye pampu inayokaguliwa. Yenye mafuta ya taa haina nguvu, inatoa moshi mzito, na inaacha masizi ndani ya mashine ambayo kesho yataifanya inywe zaidi.

Sisemi shemeji yako hajagusa kitu. Siwezi kujua nikiwa nimekaa hapa. Lakini tuziangalie bati, maana naona ndizo zilizokuumiza. Julai ongezeko lilikuwa lita nne kwa safari. Kwa safari 16 za mwezi ni lita 64. Hata angeziuza zote kwa shilingi 3,000, haifiki laki mbili. Wewe unauza vifaa vya ujenzi, bei ya bati 30 unaijua kuliko mimi. Je, hesabu hiyo inafunga? Hela ya bati imetoka mahali, na yupo mtu nyumbani kwako ambaye pengine anajua ni wapi, ila ukimuuliza kwa sauti ya juzi hatakuambia. Kidumu cha lita tano nacho kinaweza kuwa wese lako linalokwenda kwa bodaboda. Kinaweza pia kuwa akiba ya safari anayoogopa kuiacha botini ikaibwa. Jirani aliona kidumu. Je, aliona kinauzwa, au hilo la bodaboda alilisikia?

Nikusimulie langu. Nilikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli upande wa Kongwa, na kijana aliyeiendesha. Dizeli ikawa inaisha kabla ya siku zake. Nilimwita mbele ya wateja, nikamwambia arudishe funguo. Miezi miwili baadaye fundi alichimba chini ya lile bomba dogo linalotoka kwenye pipa, udongo ukatoka mweusi, unanuka dizeli hadi kina cha kiganja. Mpira ulikuwa na ufa usioonekana kwa juu. Je, ufa ule ulieleza dizeli yote iliyopotea? Hapana, kwa hesabu yangu ulieleza sehemu kubwa. Iliyobaki sijui mpaka leo, na siwezi tena kumuuliza, kwa sababu nilipotaka kumuuliza nilikuwa nimeshamtangaza. Mama yake bado nakutana naye sokoni Kibaigwa. Ananisalimia vizuri, na mimi ndiye ninayeangalia chini.

Kwa hiyo, kama ni kupima, pimeni pamoja. Mwambie wazi: "Shemeji, ulisema mashine imechoka, nataka nione imechoka kiasi gani." Tanki mlijaze mpaka alama mliyoichora, kwa jagi la lita moja. Mkirudi mlijaze tena mpaka alama ileile, mkihesabu majagi. Muandike saa ya kuondoka, saa ya kurudi na mzigo. Fanyeni hivyo safari mbili tatu, na zile usizokuwepo ajaze yeye daftari. Hii ina maana upande boti, mwanangu. Najua nakuomba nini. Kama moyo haujawa tayari, panda kwanza mchana, karibu na ufukwe, boti ikiwa tupu, na uvae jaketi la kuokolea maisha.

Lakini hata kipimo hicho usikifanye hakimu. Kikisema lita 29 nawe ukiwa ndani, utakuwa umepumua upande mmoja. Kikisema 23, bado hakijamtia hatiani: dereva yeyote akiwa na tajiri wake huenda taratibu, na upepo wa siku hiyo huenda ulilala. Na hapa naomba uangalie simu yako. Boti kama yenu, ya futi 25 hivi, ina mwendo wake wa asili, karibu kilomita 12 kwa saa. Ukitaka izidi hapo, mafuta yanaongezeka kwa wingi na mwendo kwa kidogo. Ukipunguza mwendo kidogo tu, kwa saa tatu ukaongeza nusu saa, huweza kuokoa hata robo ya wese kwa umbali uleule. Sasa wewe kila alfajiri unampigia, unasema asilikose gari. Anafanya nini? Anafungua mpaka mwisho. Labda aondoke saa saba na nusu. Labda dereva wa gari anaweza kusubiri. Sijui lipi linawezekana kwenu, ila mwendo ule unaulipia wewe.

Kuhusu malipo yake nina wasiwasi. Shilingi 20,000 kwa safari, samaki wawe wengi wawe wachache, maana yake lita ikimwagika haimuumi. Boti nyingi mafuta yanatolewa kwanza, kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye boti na wafanyakazi, hivyo kila lita iliyookolewa ina mguso mfukoni kwa nahodha. Ubaya wake ni kwamba wiki mbaya atarudi mikono mitupu, na ana nyumba. Wengine humpa nahodha lita kadhaa na kumwambia ikibaki ni yako. Hilo fundi alilikataa kwa mikono miwili, kwa sababu anayeokoa petroli huanza kuokoa na oili, na mashine ya kuchanganya ikikosa oili hukwama pistoni siku moja tu ikawa chuma chakavu.

Mkopo je? Mashine za kisasa zisizochanganya oili kweli zinakula kidogo, kwa safari yenu huenda lita 14. Lakini angalia hesabu inavyogeuka. Ukiilinganisha na 29 ya sasa, unaokoa lita 15 kwa safari, lita 60 kwa wiki, shilingi 210,000, na zile milioni nane na laki mbili zinarudi kwa wiki 39. Ukiilinganisha na mashine ya baba ikiwa imetengenezwa na kurudi kwenye lita 20, unaokoa shilingi 84,000 kwa wiki, na hela inarudi baada ya wiki 98, bila kuhesabu riba ya kikoba. Yaani kabla hujajua mashine ya zamani inaumwa kiasi gani, hujui kama mpya ni nafuu au ni mzigo. Kubadilisha plagi, kusafisha kabureta, kukagua mipira ya mafuta na kupima mgandamizo wa pistoni ni gharama ndogo ya kuanzia. Mpya nayo ni nzito zaidi, inataka kumwagwa oili kwa wakati wake, na haipendi petroli ya madumu. Na fundi wa kuifungua yuko umbali gani na mwalo wenu? Kwa upande mwingine, ringi zikiwa zimekwisha kabisa, kila wiki unayosubiri unaichoma hela ambayo ingelipa mkopo. Pande zote mbili zina uzito.

Mke wako nimemwacha mwisho, lakini ndiye niliyemfikiria zaidi. Yeye ndiye aliyekuletea mdogo wake. Kila lita inayozidi inamwangukia yeye. Labda haraka yake ya kukopa ni ya kumfunika mdogo wake. Labda ni ya mtu anayeona ugomvi unakuja na anatafuta mashine itakayouzuia. Kumbuka pia anaweka jina lake mbele ya wanawake wenzake wa kikoba kwa ajili ya boti ya baba yako. Ulipomwambia damu ni nzito, ulimtoa kwenye damu yako na ya watoto wako. Ningekuwa wewe ningeanzia hapo, kabla ya pangaboi na kabla ya majagi. Sijui kama atarudi chumbani siku hiyohiyo. Wapo wanaofikiri ingefaa ashike daftari la lita, maana hesabu anaiweza, ila utakuwa umemweka mizani kati yako na mdogo wake, na huenda hataki kukaa hapo. Muulize.

Na ikija kujulikana kwamba kweli alichukua? Basi mtakaa, si mwaloni mbele ya watu, bali nyumbani, na mtu mzima mmoja wa upande wao. Kuna anayechukua kwa tamaa na kuna anayechukua kwa sababu 20,000 haijapanda tangu aanze. Utakapomsikiliza utajua, na uamuzi utakuwa wako.

Limebaki moja. Fundi aliniuliza, "Huyo kijana oili anaipima kwa nini?" Nikarudi kwenye barua yako, nikalikuta lile kopo. Liko kabatini kwako. Kwa hiyo kwa miaka miwili shemeji yako amekuwa akimimina kwa macho au kwa kifuniko cha chupa. Ikizidi, plagi zinajaa masizi. Ikipungua, ringi na pistoni zinalika, na mashine inaanza kunywa. Hukujua, na ulichukua kitu cha baba kama mtoto yeyote angefanya.

Leo jioni litoe. Mimina maji mpaka kwenye mkwaruzo wa msumari, kisha uyamimine kwenye chupa yenye vipimo. Mashine nyingi za aina hiyo zinataka oili moja kwa petroli hamsini, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Nyingine za zamani zaidi zinataka mara mbili ya hapo, na fundi wa mwaloni akiiona mashine yenu atakuambia ni ipi. Kisha uende nalo Mtera, umpe shemeji mkononi, na umwombe akuonyeshe alivyokuwa anachanganya bila hilo.